UZI: Hali ya ndoa, dini, umri, picha. Kipi kiandikwe kwenye wasifu wa kazi na kipi kibaki nyumbani?

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, upande wa wanaopokea maombi ya kazi na kuchambua nani aitwe kwenye usaili na nani asiitwe. Nafungua uzi huu kwa sababu ya wasifu mmoja ambao sijausahau.

Ilikuwa nafasi ya mhasibu. Tulikuwa watatu chumbani, kila mmoja na lundo lake. Kwenye lundo langu kulikuwa na wasifu wa mama mmoja. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa mjane, idadi ya watoto wanne, kisha umri wa kila mtoto. Mwenzangu alichungulia, akasoma mistari hiyo, akasema, "Huyu kila wiki atakuwa anaomba ruhusa." Karatasi ikahamia upande wa wasioitwa. Ukurasa wa pili haukufunuliwa.

Jioni nikiwa napanga majalada niliufunua mimi. Mama yule alikuwa amefunga hesabu za mwaka za kampuni yake miaka sita mfululizo, na wakaguzi hawakumwachia hoja hata moja. Ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Nilikuwa mgeni pale kazini na sikuirudisha ile karatasi. Nilipaswa kuirudisha.

Kosa lilikuwa letu, si lake, na hilo naomba lieleweke kabla sijaendelea. Lakini yeye hakuwamo chumbani ajitetee. Iliyokuwamo ni karatasi yake, nayo ilianza kuzungumzia watoto kabla ya kuzungumzia hesabu.

Tangu siku ile kila anayeniletea wasifu wake niuangalie, naanzia pale juu palipoandikwa "maelezo binafsi". Wengi wetu sehemu hiyo tumeirithi tu. Mtu aliomba wasifu wa rafiki yake, akafuta jina la rafiki akaweka lake, orodha ikabaki vilevile: jinsia, dini, hali ya ndoa, hali ya afya, urefu. Ukimuuliza kwa nini ameandika dini, anakwambia ndivyo inavyoandikwa.

Mimi kila mstari naupima kwa swali moja: huyu anayechagua wa kuitwa atafanya nini na habari hii? Jina, atajua anamwita nani. Simu na baruapepe, atakupata. Mji unaoishi, atajua kama uko karibu au itabidi uhame. Leseni ya udereva kwa kazi ya udereva, ataona unafaa. Haya, hali ya ndoa atafanya nini nayo? Hakuna analoweza kufanya nayo kwa haki. Akiitumia, ataitumia kukuonea au kukupendelea, na hata hilo la pili si la kutegemea.

Halafu kuna suala la wakati. Zipo habari za kukufanya uitwe, zipo za chumba cha usaili, na zipo za siku ya kusaini mkataba. Namba ya kitambulisho, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, majina ya wategemezi kwa ajili ya bima, mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura: hizo zote mwajiri atazihitaji kweli, lakini atazihitaji ukishakuwa mfanyakazi wake. Wengi tunazitoa zote mlangoni, kwa mtu ambaye hata jina lake hatulijui.

Karibuni. Anayetaka sehemu yake ya juu iangaliwe aiweke hapa, ila afute kwanza jina na namba zake.

Fundi Umeme

Dada Kalamu, mimi hapo natofautiana nawe kidogo. Matangazo mengi yanasema mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza. Nikipunguza, si ndiyo nitaonekana sijafuata maelekezo? Nimeshaona watu wanaachwa kwa kukosa kitu kimoja tu.

Kalamu Nyekundu

Kaka Fundi, hoja yako ni nzito, na jibu langu ni kwamba tangazo lina neno la mwisho. Likisema waombaji wasizidi umri fulani, tarehe ya kuzaliwa inageuka kuwa sifa ya kazi. Iandike. Likitaka raia tu, andika uraia. Nafasi ikiwa ya kufundisha dini, dini yako ina maana pale. Mwigizaji ataulizwa urefu na picha, baharia ataulizwa cheti cha afya.

Ila soma tangazo neno kwa neno. "Yanayojitosheleza" maana yake yatoshe kukupima kwa kazi ile. Katika miaka yangu yote sikumwona mtu aliyeachwa kwa sababu hakutaja idadi ya watoto wake. Walioachwa ni waliosahau cheti, waliotuma baada ya siku ya mwisho, na walioandika namba ya simu yenye tarakimu pungufu. Hilo la mwisho linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu tulikuwa tunampigia mtu mzuri na simu haiendi.

Na likiwepo fomu la kujaza, jaza kila kilichowekewa alama ya lazima. Fomu ni la mwajiri, wasifu ni wako.

Mzee wa Masjala

Wanangu, mimi nilifanya kazi masjala enzi za mashine ya chapa. Maombi ya wakati ule yalikuwa na jina la baba, mahali pa kuzaliwa, hata shule ya awali. Faili la mwombaji ndilo lililogeuka faili la mtumishi, hakuna aliyetaka kuandika mara mbili. Ndiyo maana kila kitu kiliombwa mwanzoni. Leo kuna kompyuta, sababu ile haipo tena, lakini orodha bado inatembea.

Na msidhani ni kwetu tu. Japani wana fomu lao la wasifu linaloitwa rirekisho, lina mahali pa kubandika picha, na kwa miaka mingi lilimuuliza mtu kama ana mwenzi, ana wategemezi wangapi na anachukua muda gani kufika kazini. Mwaka 2021 wizara yao ya kazi ilitoa mfano mpya: hayo yote yakaondolewa, na jinsia ikawa mtu akitaka anaijaza, asipotaka anaacha. Ujerumani picha ilikuwa jambo la kawaida kabisa. Sheria yao ya kutendewa sawa ya mwaka 2006 ndiyo iliyofanya waajiri waache kuidai, ingawa wapo wanaoendelea kuiweka kwa hiari yao.

Kwa hiyo anayeomba kazi nchi nyingine aulize kwanza huko wanafanyaje. Marekani na Uingereza ukituma picha na tarehe ya kuzaliwa, mwajiri mwenyewe anapata wasiwasi, maana hataki siku moja aambiwe alikuacha kwa sababu ya sura au umri. Marekani sheria inayolinda umri ni ya mwaka 1967, inawalinda walio na miaka 40 na kuendelea.

Taa ya Nje

Shikamoo Mzee wa Masjala. Naongeza upande wa utafiti, kwa sababu wapo watakaosema hadithi ya dada Kalamu ni ya ofisi moja tu.

Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Walituma kwa waajiri halisi maombi ya jozi, sifa zile zile, uzoefu ule ule. Tofauti ilikuwa dalili ndogo ya uzazi, mfano mstari unaosema mwombaji ni kiongozi kwenye chama cha wazazi na walimu. Wanawake wasio na dalili hiyo waliitwa mara 2.1 ya walivyoitwa akina mama. Kwa wanaume, kuwa baba hakukuwapunguzia nafasi.

Angalieni hapo: hakuna aliyeandika "nina watoto". Mstari wa kazi ya kujitolea ndio uliosema. Mtu anaweza kufuta hali ya ndoa pale juu, halafu chini akaandika yeye ni mweka hazina wa kamati ya wazazi. Kama ule uweka hazina unaonyesha unaweza kushika fedha, uandike kama mweka hazina wa kamati ya shule na useme ulisimamia nini.

Umri nao unapita mlango wa nyuma. Umeondoa tarehe ya kuzaliwa, lakini umeacha mwaka ulioanza darasa la kwanza. Msomaji anajumlisha kwa vidole. Mwenye shahada hana haja ya kuorodhesha shule ya msingi kabisa, labda tangazo liitake.

Fundi Umeme

Hili la shule ya msingi limenikamata. Yangu ipo, na mwaka wake, na jina la mwalimu mkuu. Naitoa leo.

Ila nina swali. Kama hata mstari wa kujitolea unasema, jina langu je? Jina langu ukilisoma tu unajua dini yangu na ninakotoka.

Taa ya Nje

Swali zuri mkuu, na jibu lake halipendezi. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan mwaka 2004 walichapisha utafiti wa karibu maombi 5,000 yaliyotumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Maombi yalikuwa yanafanana, ila mengine yalipewa majina ambayo Wamarekani huyahusisha na weupe na mengine majina yanayohusishwa na weusi. Wa kundi la kwanza walihitaji kutuma kama maombi 10 ili wapate simu moja. Wa kundi la pili, kama 15.

Kalamu Nyekundu

Na mimi hata hivyo nasema jina usibadilishe. Jina ndilo lililoko kwenye vyeti, na vyeti visipolingana na wasifu utaanza kuelezea viapo vya mahakamani badala ya kazi. Kama una majina matatu na watu wanakuita kwa mawili, andika hayo mawili mradi yamo kwenye vyeti. Zaidi ya hapo, mzigo huo si wa mwombaji kuubeba, ni wa ofisi zinazochuja. Zipo ofisi zinazofunika majina kabla ya kamati kusoma, na nilipopata mamlaka kidogo nilifanya hivyo. Tuliwapa waombaji namba. Ile orodha ya walioitwa ilikuwa na watu ambao nakiri nisingewategemea kuwaona, na wawili kati yao waliajiriwa.

Picha ndiyo naipigia kelele zaidi kuliko jina. Jina huwezi kulikwepa, picha unaweza. Picha moja inasema umri, jinsia, rangi, mara nyingine dini, hata hali ya kipato, vyote kwa mpigo, na haisemi lolote kuhusu kazi. Isipoombwa, usiiweke.

Mshumaa

Wakuu mmezungumzia kubaguliwa. Mimi nitazungumzia kuibiwa.

Niliona tangazo la kazi mtandaoni. Mshahara mzuri, sifa nilizo nazo, baruapepe ya kutuma. Nikatuma wasifu wenye kila kitu: majina yote matatu, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya pasipoti, nyumba ninayokaa, jina la mama yangu mzazi kwa sababu niliandika wazazi kama watu wa karibu. Nikaambatisha nakala ya kitambulisho mbele na nyuma. Sikuitwa. Miezi michache baadaye nilianza kupigiwa simu za kudaiwa mikopo ambayo sikukopa. Kulikuwa na laini ya simu imesajiliwa kwa jina langu, siijui.

Ilinichukua karibu mwaka kulisafisha jina langu. Kile walichotumia hawakukivunjia mlango, nilikichapa mimi mwenyewe, kikapangwa vizuri kwa nukta pembeni. Fikirieni mtu akipiga simu benki anaulizwa maswali gani: tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, jina la mama. Ndiyo yale yale.

Hadi leo nikiona wasifu wa mtu umebandikwa kwenye kundi la kutafutiana kazi, na namba ya kitambulisho inaonekana, nampigia simu kwa namba iliyomo humo humo nimwambie afute.

Kalamu Nyekundu

Pole sana Mshumaa, na ahsante kwa kulisema hili hadharani.

Naongezea mambo ambayo nimewafundisha wadogo zangu. Anwani iishie kwenye mji au wilaya, namba ya nyumba haina kazi pale. Namba ya kitambulisho haiandikwi kwenye wasifu kabisa. Mwajiri akitaka nakala ya kitambulisho au vyeti kabla ya usaili, mpe, ila juu ya nakala andika kwa maandishi yanayokatiza katikati: "Kwa maombi ya kazi ya," kisha jina la nafasi, jina la mwajiri na tarehe. Nakala hiyo ni ngumu kutumika kwingine.

Kabla ya kutuma popote, hakikisha tangazo lipo pia kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe. Anayekuomba hela ya fomu, hela ya mafunzo, au namba ya siri ya aina yoyote, huyo hana kazi ya kukupa.

Na nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Mei 2018 na inamtaka mwajiri akusanye kinachohitajika tu kwa kazi iliyopo, na mwombaji ana haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Angalia sheria ya kwenu inasemaje. Kuandika baruapepe ya heshima kuomba maombi yako ya zamani yafutwe si utovu wa adabu.

Mzee wa Masjala

Wadhamini mmewasahau. Mtu akituma wasifu wake alioniandika mimi kama mdhamini bila kuniuliza, namba yangu inasambaa kwa watu nisiowajua, halafu napigiwa simu kuulizwa habari za kijana ambaye sijaonana naye miaka tisa. Mwombeni mtu ruhusa. Na kama tangazo halijawataka wadhamini, andikeni tu kwamba watapatikana wakihitajika, au acheni kabisa. Taarifa binafsi si zako peke yako, kuna za wengine umebeba.

Nahodha

Mimi nina ulemavu wa kusikia, na nimesoma uzi huu tangu mwanzo nikisubiri mtu aguse hapa.

Mara mbili niliuficha. Mara ya kwanza nilipigiwa simu, sikusikia vizuri, nikaonekana sijui kujibu. Mara ya pili nilifika kwenye usaili, wasailiwa tulikuwa kundi, watu wanazungumza kwa kupokezana, mimi nasoma midomo ya mtu mmoja wakati mwingine anauliza. Nilitoka pale nimechoka kama nilikuwa nabeba mawe. Sasa naandika. Naandika juu kabisa, karibu na simu: "Nina usikivu hafifu, tafadhali wasiliana nami kwa ujumbe au baruapepe." Naitwa mara chache kuliko zamani. Lakini nikiitwa, naitwa mimi.

Dada Kalamu, kwa kipimo chako ningeambiwa nifute.

Kalamu Nyekundu

Hapana kaka Nahodha, kwa kipimo changu mstari wako unapita. Swali ni msomaji atafanya nini na habari hii, nawe umemwambia cha kufanya: aandike asipige. Tofauti na yule anayeandika "hali ya afya: nzuri" au anayetaja ugonjwa wake bila kusema anahitaji nini.

Ninachoweza kukushauri ni mahali pa kuuweka tu. Uingereza sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri kuuliza mambo ya afya kabla hajakupa kazi, ila inamruhusu kuuliza kama unahitaji utaratibu maalumu kwenye usaili. Naona busara hapo. Kwenye wasifu unaweza kuandika "Mawasiliano: kwa ujumbe au baruapepe" bila sababu, na ukishaitwa ndipo unajibu kwamba una usikivu hafifu na unaomba wasaili wazungumze mmoja mmoja, wakikutazama. Utakuwa umeitwa kwa sifa zako, na chumba kitakuwa kimeandaliwa.

Nahodha

Nimekuelewa, na nitaujaribu kwa maombi mawili nione. Ila nakwambia ukweli, kuna kitu ndani yangu kinakataa. Nimetumia miaka kuacha kuona haya. Nikifuta ule mstari nasikia kama narudi kule.

Kalamu Nyekundu

Basi uache. Nasema kwa moyo mmoja. Nimesimamia usaili wa watu wengi, sijaishi hata siku moja kwa masikio yako. Anayechagua kuandika jambo lake akijua kwa nini ameliandika hahitaji ruhusa yangu. Ninaowaandikia uzi huu ni wale walioandika bila kuchagua.

Binti Subira

Habari zenu wote. Mimi nimekuwa msomaji tu ila leo naweka yangu. Niliwahi kuwa afisa manunuzi, nikaacha kazi miaka minne kulea, sasa narudi. Sehemu yangu ya juu ni hii, nimefuta namba:

Majina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Mahali pa kuzaliwa. Jinsia: mwanamke. Hali ya ndoa: nimeachika. Watoto: wawili. Dini. Namba ya kitambulisho. Sanduku la posta. Simu mbili. Baruapepe (ile niliyoifungua nikiwa shule, ina jina la utani). Lugha mbili. Mambo ninayopenda: kusoma, kusafiri, kusikiliza muziki.

Halafu kwenye uzoefu kuna shimo la miaka minne. Niliandika "nilikuwa nyumbani kwa sababu za kifamilia baada ya ndoa kuvunjika". Dada yangu ananiambia nifute yote, mama anasema nikifuta nitakuwa nimedanganya.

Kalamu Nyekundu

Karibu mdogo wangu. Tuanze na neno la mama, kwa sababu ndilo linalokusumbua.

Uongo ni kuandika ulikuwa kazini wakati hukuwa. Kutotaja ndoa yako si uongo, kwa kuwa hakuna aliyekuuliza na hakuna anayestahili kujibiwa hapo. Ukiulizwa kwenye usaili jambo la ukweli linalohusu kazi, unajibu ukweli. Mwambie mama hivyo, ataelewa.

Ile miaka minne usiifiche kwa kunyoosha tarehe. Nimewaona waliofanya hivyo, mwajiri wa zamani akipigiwa simu tarehe hazikubali, na hapo imani imekwisha. Andika miaka yako ya kazi kama ilivyo. Ukitaka kulitaja shimo, mstari mmoja unatosha: "Mapumziko ya kazi kwa majukumu ya familia," na miaka yake. Acha ndoa, acha kuvunjika. Halafu niambie, katika miaka hiyo hukugusa chochote cha fani yako? Hukusoma kozi, hukumsaidia mtu kuandaa zabuni?

Binti Subira

Nilimsaidia kaka yangu kuandaa zabuni tatu za kampuni yake ndogo. Alishinda moja. Na nilimaliza kozi ya ununuzi mtandaoni mwaka jana, nina cheti. Sikudhani vinahesabika.

Kalamu Nyekundu

Vinahesabika! Hivyo ndivyo vinavyopaswa kukaa pale ulipoandika watoto wawili. Zabuni tatu, moja ikashinda, andika hivyo hivyo, kwamba uliandaa nyaraka, kwa nani na mwaka gani. Usiseme ni kaka yako. Akiulizwa kama mdhamini hapo ndipo udugu utatajwa, na ni afadhali mdhamini awe mtu mwingine.

Fungua baruapepe mpya yenye jina lako, simu bakiza moja ile unayoipokea, mbele yake weka msimbo wa nchi. Mambo unayopenda toa, hayasemi kitu. Lugha zishushe kwenye ujuzi na useme unaandika kwa kiwango gani. Sanduku la posta weka tu kama wanajibu kwa barua.

Taa ya Nje

Dada Subira, jambo dogo la kiufundi. Baadhi ya programu zinazosoma maombi hazioni kilichoandikwa kwenye ukingo wa juu wa ukurasa au ndani ya visanduku. Simu na baruapepe yako ziandike kwenye mwili wa ukurasa wenyewe. Na ukihifadhi faili, angalia sehemu ya sifa za faili. Kama wasifu uliuazima kwa rafiki, jina lake linaweza kuwa bado limo kama mwandishi.

Fundi Umeme

Nimeangalia yangu sasa hivi. Mwandishi ni binamu yangu. Nimefuta.

Mshumaa

Dada Subira, namba ya kitambulisho umeitoa? Tafadhali niambie umeitoa.

Binti Subira

Nimeitoa kaka. Nimekaa na dada yangu mezani, mama yupo pembeni anasikiliza nikisoma. Sehemu ya juu imebaki hivi:

Jina langu, majina mawili. Afisa Manunuzi.
Mji ninaoishi. Simu. Baruapepe.
Miaka mitano ya kusimamia zabuni na mikataba ya wazabuni. Mwaka huu nimeandaa nyaraka za zabuni tatu, moja imeshinda.

Mama ameniomba nisome tena huo mstari wa mwisho.